Kusoma kwa Masafa Ukubwani: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mwenye Kazi na Familia

Elimu ya masafa ni utaratibu wa kufundisha na kujifunza ambamo mwalimu na mwanafunzi hawakai katika chumba kimoja kwa sehemu kubwa ya masomo, bali huunganishwa na moduli zilizochapishwa, redio, simu au kompyuta, pamoja na vikao vichache vya ana kwa ana. Nchini Tanzania utaratibu huu ulikuwapo miaka mingi kabla ya intaneti. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 1975, iliendesha masomo kwa njia ya posta. Walimu wengi wa shule za msingi wa kipindi hicho waliandaliwa kwa barua na redio wakiwa tayari wanafundisha. Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikafungua vituo mikoani ili mtu apate shahada bila kuacha kazi wala kuhama nyumbani kwake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye ana ajira au biashara, ana watu wanaomtegemea, na anakusudia kusoma kwa njia hiyo, au amekwisha kuanza na anaona mambo yanamwendea mrama. Mifano mingi inahusu masomo ya shahada nchini Tanzania, lakini sehemu kubwa ya ushauri inamfaa pia anayesoma cheti, stashahada, au anayejiandaa kufanya mtihani wa sekondari akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yaani mtahiniwa asiyesajiliwa kupitia shule.

Kwa nini masomo haya huwashinda wengi

Chuo cha kawaida humpangia mwanafunzi mambo matatu bila yeye kuombwa ushauri: saa za kusoma, mahali pa kusomea na watu wa kusoma nao. Kengele, ukumbi wa mihadhara na wenzake wa bwenini humsukuma hata siku ambayo hana hamu. Elimu ya masafa huondoa vyote vitatu kwa pamoja na kumwachia mwanafunzi avipange mwenyewe, na hapo ndipo penye ugumu ambao wanaoanza huutafuta kwingine, wakidhani kwamba wameshindwa kwa sababu akili zao zimezeeka au kwa sababu somo ni gumu kupita uwezo wao.

Mtaalamu wa elimu Michael G. Moore, aliyeanza kuandika kuhusu suala hili katika miaka ya 1970, alieleza kwamba umbali unaomwathiri mwanafunzi wa masafa si wa kilometa bali ni wa kutoelewana kati yake na anayemfundisha, na kwamba umbali huo hupungua mazungumzo yanapoongezeka. Kwa mujibu wa hoja hiyo, mwanafunzi aliyepanga mtaa mmoja na kituo cha chuo lakini hajawahi kuuliza swali yuko mbali kuliko aliyeko wilaya ya pembezoni anayemwandikia mkufunzi wake kila anapokwama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi mtu mzima ni kujijengea mwenyewe kile ambacho chuo cha kawaida kingemjengea, na sehemu zinazofuata zinaeleza namna ya kufanya hivyo.

Hatua za kuchukua kabla ya kulipa ada

Makosa ya gharama kubwa hufanyika kabla ya masomo kuanza, wakati furaha ya kupata nafasi ingali juu, na ndiyo sababu hatua hizi zinapaswa kufuatwa kwa mpangilio.

1. *Kuandika sababu ya kusoma kwa sentensi moja.* Anayetaka kupandishwa daraja kazini athibitishe kwa ofisi ya utumishi kwamba programu anayoichagua inatambulika katika muundo wa kada yake, kwa sababu si kila shahada humpandisha kila mtumishi.

2. *Kuthibitisha uhalali wa chuo na programu.* Kwa shahada, mamlaka husika ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa vyeti na stashahada za ufundi na taaluma, ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Chuo kinaweza kuwa halali huku programu moja ikiwa haijaidhinishwa, hivyo vyote viwili vikaguliwe. Anayejiunga na chuo cha nje kwa njia ya mtandao aulize mapema, kabla ya kulipa, kama tuzo yake itatambuliwa nchini.

3. *Kupima sifa za kujiunga.* Mtu asiye na sifa za moja kwa moja asikate tamaa wala asinunue cheti cha mkato. Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kutambua ujifunzaji wa awali, ambao humpima mtu kwa maarifa aliyoyapata kazini na maishani, na Chuo Kikuu Huria kimekuwa na programu ya msingi ya kumwandaa mwombaji kabla ya shahada. Masharti ya njia hizo hubadilika, kwa hiyo yasomwe katika tangazo la mwaka husika, yasichukuliwe kutoka kwa rafiki aliyejiunga miaka mitano iliyopita.

4. *Kukokotoa gharama zote, si ada peke yake.* Zihesabiwe ada ya masomo na ya mitihani, bando la intaneti, kuchapa na kutoa kopi kwenye steshenari, nauli na malazi wakati wa mitihani, gharama za utafiti wa mwaka wa mwisho, na ada ya mwaka wa ziada iwapo kozi zitachelewa.

5. *Kulipa kwa njia rasmi tu.* Malipo yafanyike kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo. Anayeomba ada itumwe kwenye simu yake binafsi "ili ashughulikie usajili" akataliwe, na risiti zote zihifadhiwe hadi siku ya mahafali na baada yake.

Kupanga saa

Tangazo linalosema kwamba mwanafunzi atasoma kwa wakati wake humaanisha kwamba hakuna atakayempangia wakati. Halimaanishi kwamba masomo hayahitaji wakati. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini, masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja huwakilisha takriban saa 10 za kujifunza, ambazo ndani yake zimo kusoma, kuandika, kuhudhuria vikao na kujiandaa kwa mitihani. Shahada ya kwanza huhitaji krediti zisizopungua 360. Hesabu inayofuata huonyesha maana ya takwimu hizo katika wiki ya mtu mwenye kazi.

> KISANDUKU CHA 1: Shahada moja ni saa ngapi kwa wiki?
>
> Krediti 360 × saa 10 = saa 3,600
> Wiki za kusoma kwa mwaka, baada ya kuacha wiki 4 za sikukuu, misiba na dharura: 48
>
> - Kwa miaka 3: saa 1,200 kwa mwaka, sawa na saa 25 kwa wiki
> - Kwa miaka 4: saa 900 kwa mwaka, sawa na takriban saa 19 kwa wiki
> - Kwa miaka 6: saa 600 kwa mwaka, sawa na saa 12 na nusu kwa wiki

Wiki ina saa 168. Mwajiriwa anayefanya kazi saa 45, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki katika sheria ya ajira ya Tanzania Bara, anayelala saa saba kila usiku na kutumia saa mbili kwa siku katika daladala siku sita za wiki, hubakiwa na saa 62 za kupika, kula, kuabudu, kulea na kupumzika. Kutoa saa 25 humo kunawezekana kwa wachache. Kutoa saa 12 na nusu kunawezekana kwa wengi, mradi zipangwe. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye kazi ya kutwa anashauriwa kusajili kozi chache kwa mwaka na kuzikamilisha, badala ya kusajili zote kwa kuona aibu ya kuchelewa, huku akizingatia ukomo wa miaka uliowekwa na chuo chake.

Ratiba inayodumu hufungwa kwenye mambo ambayo tayari hutokea katika maisha ya mtu. Uchukuliwe mfano wa muuguzi wa hospitali ya wilaya anayefanya kazi kwa zamu, ambaye ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa haimfai kwa sababu Jumatatu yake hubadilika kila wiki. Muuguzi huyo afunge masomo kwenye aina ya zamu: siku ya zamu ya asubuhi asome saa moja na nusu, kuanzia saa 2:30 hadi saa 4:00 usiku, siku ya zamu ya jioni asome saa mbili, kuanzia saa 3:00 hadi saa 5:00 asubuhi, siku ya zamu ya usiku asisome kabisa, kwa sababu usingizi ukikatwa hapo hulipwa kwa makosa wodini, na siku ya mapumziko asome saa nne zilizogawanywa mara mbili. Katika wiki yenye zamu tatu za asubuhi, mbili za jioni, moja ya usiku na siku moja ya mapumziko, jumla inakuwa saa 12 na nusu kamili. Mwenye duka anaweza kutumia kanuni hiyo hiyo kwa kufuata siku za mnada na siku za kufuata mzigo, na mwalimu kwa kufuata mihula na likizo za shule.

> ONYO: Saa ambazo mwanafunzi ameshika simu huku moduli imefunguliwa kando yake zisihesabiwe. Kipindi cha dakika 45 simu ikiwa chumba kingine, kikifuatiwa na mapumziko ya dakika 10, huzaa zaidi kuliko saa tatu za kusoma na kujibu jumbe.

Kupanga mahali na vifaa

Mahali pa kusomea si lazima pawe chumba maalumu, ambacho nyumba nyingi haziwezi kukitoa, bali panatakiwa pawe palepale kila siku na pajulikane na wote wa nyumbani. Meza ya chakula baada ya watoto kulala, darasa tupu baada ya vipindi, ofisi kabla ya wenzake kufika, maktaba ya mkoa au chumba cha kusomea katika kituo cha chuo, vyote vinafaa. Mambo yafuatayo yapewe uzito:

- *Macho na mwanga.* Baada ya umri wa miaka 40 watu wengi huanza kupata shida ya kuona maandishi ya karibu. Anayeumwa kichwa kila anaposoma apime macho kwanza kabla ya kujiona mvivu.
- *Kifaa.* Simu janja inatosha kusomea na kupokea taarifa, lakini kuandika kazi ndefu au tasnifu kwa simu huchosha na huzaa makosa. Asiye na kompyuta mpakato apange siku maalumu za kutumia kompyuta ya kituo au ya ofisi.
- *Bando.* Moduli na video zipakuliwe mara moja, siku ambayo mtandao ni mzuri, zisomwe baadaye bila intaneti, badala ya kufunguliwa upya mtandaoni kila siku.
- *Nakala.* Kila kazi iwe na nakala tatu: moja kwenye kifaa, moja kwenye baruapepe au hifadhi ya mtandaoni, na moja kwenye flashi. Simu huibwa, kompyuta huungua, na umeme hukatika dakika ambayo mfumo unakaribia kufungwa. Hakuna mkufunzi anayelazimika kuzipokea sababu hizo.

Kupanga watu

Mwanafunzi mtu mzima hasomi peke yake hata akidhani hivyo, kwa sababu saa anazozitoa kwa masomo zimetolewa na mtu mwingine: mwenzi wake anayepika kwa zamu isiyo yake, mtoto aliyekosa msaada wa hesabu, au mfanyakazi mwenzake aliyeshika nafasi yake wakati wa mitihani. Watu hao wakihusishwa mapema huwa nguzo, na wakishtukizwa huwa kikwazo.

1. *Familia.* Kikao kifupi kifanyike kabla ya usajili, ambamo mambo matatu yatasemwa wazi: ni saa gani mwanafunzi hatapatikana, ni kazi gani za nyumbani zitafanywa na nani, na ni siku gani haitaguswa na masomo. Jambo la tatu lisisahauliwe, kwa kuwa familia huvumilia zaidi ikiwa na siku yake. Suala hili huwagusa zaidi wanawake, ambao mara nyingi hutarajiwa kuendelea na kazi zote za nyumbani kana kwamba hawasomi, na ambao hulazimika kusoma usiku wa manane kwa sababu tu hakuna aliyeulizwa kusaidia.

2. *Mwajiri.* Ruhusa iombwe kwa maandishi na jibu lihifadhiwe. Ratiba ya mitihani ikitoka, nakala yake ipelekwe kwa mkuu wa kazi siku hiyo hiyo, na likizo ya mwaka ipangwe iangukie wakati wa mitihani pale inapowezekana.

3. *Wanafunzi wenzake.* Kundi la watu watatu hadi watano wanaosoma kozi moja linatosha. Kundi la mtandaoni lenye mamia ya watu linafaa kwa matangazo, na mara nyingi husambaza uvumi kuhusu tarehe na ada. Taarifa yoyote ya humo ithibitishwe kituoni.

4. *Mkufunzi na kituo.* Swali kwa mkufunzi liandikwe kwa namna inayojibika. Ujumbe unaosema "Mwalimu, sielewi somo lako" hauna jibu. Ujumbe unaotaja jina kamili, namba ya usajili, msimbo wa kozi, ukurasa wa moduli, kile alichokielewa mwanafunzi na pale anapokwama humwezesha mkufunzi kujibu kwa aya moja. Mwanafunzi atembelee kituo chake walau mara moja kila muhula hata kama hana shida, ili siku atakapokuwa na shida awe anajua mlango wa kubisha.

Namna ya kusoma moduli

Mtu aliyeacha shule miaka mingi hurudi na mazoea ya kusoma na kurudia hadi maneno yakae kichwani. Mazoea hayo humpa hisia ya kujua bila kumpa ujuzi wenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwa majaribio kwamba sehemu kubwa ya kilichojifunzwa husahaulika mapema sana baada ya kujifunza. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yaliyowalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojipima kwa kukumbuka bila kuangalia maandishi: dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini wiki moja baadaye waliokumbuka zaidi walikuwa wale waliojipima. Kwa kuwa mtihani huja baada ya miezi, mwanafunzi wa masafa anahitaji njia ya pili.

1. Asome kwanza malengo na maswali yaliyo mwishoni mwa mada, ili ajue anatafuta nini.
2. Asome sehemu fupi, kurasa tano hadi nane, akiwa na kalamu mkononi.
3. Afunge moduli na kuandika kwa maneno yake yote anayoyakumbuka.
4. Afungue tena na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Yaliyoandikwa kwa rangi hiyo ndiyo ambayo bado hajayajua.
5. Arudie kujipima baada ya siku moja, baada ya wiki moja na baada ya mwezi, kila mara akianza na karatasi tupu.

Lipo pia tatizo la lugha. Sehemu kubwa ya masomo ya vyuo vikuu nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mtu mzima anaweza kuwa amefanya kazi kwa Kiswahili kwa miaka kumi au zaidi. Mwanafunzi wa namna hiyo atenge daftari la istilahi lenye safu tatu: neno, maana yake kwa Kiswahili chepesi, na sentensi moja ya Kiingereza aliyoitunga mwenyewe. Kundi lake lijadili mada kwa Kiswahili hadi ieleweke, kisha kila mmoja aandike jibu kwa Kiingereza akiwa peke yake. Anayejadili kwa Kiswahili na kuishia hapo ataelewa somo na kushindwa mtihani. Anayekariri Kiingereza asichokielewa atashindwa mara tu swali litakapogeuzwa.

Kuandika kazi za tathmini

Kazi za kuandika, ambazo wanafunzi wengi huziita asainmenti, hupoteza alama zaidi kwa kutojibu swali kuliko kwa kutojua somo. Watu wazima wamo zaidi katika hatari hii, kwa kuwa wana mengi ya kusema kutokana na uzoefu wao. Kila swali ligawanywe katika sehemu tatu kabla ya kuandika: kitenzi, mada na mipaka.

> KISANDUKU CHA 2: Kuchambua swali
>
> *"Tathmini mchango wa vyama vya ushirika katika maisha ya wakulima wa Tanzania kati ya mwaka 1967 na 1985."*
>
> - Kitenzi: kutathmini, yaani kupima uzuri na upungufu kwa ushahidi na kutoa hukumu. Anayeorodhesha faida peke yake hajatathmini.
> - Mada: mchango katika maisha ya wakulima. Historia ya viongozi wa ushirika haikuulizwa.
> - Mipaka: Tanzania, 1967 hadi 1985. Jibu lisilotaja kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982 litakuwa limeruka kiini cha kipindi chenyewe.

Uzoefu wa kazini una nafasi yake kama mfano baada ya hoja kuthibitishwa kwa maandishi ya wataalamu. Haupaswi kuchukua nafasi ya uthibitisho huo.

Wizi wa kitaaluma, yaani kuwasilisha maneno au mawazo ya mtu mwingine kana kwamba ni ya mwasilishaji, huadhibiwa na vyuo, na programu za kompyuta huutambua kwa urahisi. Kumlipa mtu aandike kazi ni wizi huo huo, na humwacha mwanafunzi mikono mitupu siku ya mtihani. Kuhusu programu za akili unde, mwanafunzi asome kanuni za chuo chake kabla ya kuzitumia. Na hata pale zinaporuhusiwa kwa kufafanua dhana, azichukulie kwa tahadhari, kwa kuwa huweza kutunga majina ya vitabu na waandishi ambao hawapo.

Kujiandaa na mtihani

Mitihani ya masafa mara nyingi hufanyika kwenye vituo, kwa karatasi na kalamu, na kwa saa maalumu. Mtu ambaye kwa miaka mingi ameandika kwa vidole viwili kwenye simu hugundua ndani ya chumba cha mtihani kwamba mkono wake hauwezi tena kuandika kwa saa tatu mfululizo. Kwa hiyo maandalizi yahusishe mkono pamoja na kichwa.

1. Miezi mitatu kabla: kuhakikisha kwamba kozi zote zimesajiliwa kwa ajili ya mtihani na ada imeonekana kwenye mfumo, kwa sababu kusajili kozi na kusajili mtihani yanaweza kuwa mambo mawili tofauti.
2. Wiki sita kabla: kujibu mtihani mmoja wa miaka iliyopita kila wiki, kwa mkono na kwa kutazama saa.
3. Wiki mbili kabla: kuthibitisha tarehe, kituo na ukumbi kwenye taarifa rasmi, kulipia nauli na kupanga malazi.
4. Siku moja kabla: kuandaa kitambulisho, kibali cha mtihani na kalamu mbili, kisha kulala mapema.

Makosa yanayojirudia

- *Kusubiri wakati utulie.* Biashara, watoto na ofisi havitulii. Anayengoja utulivu hungoja hadi dirisha la usajili lifungwe.
- *Kuacha kozi ngumu mwisho.* Takwimu, mbinu za utafiti na hesabu zikiachwa mwaka wa mwisho hukutana na tasnifu na kumchelewesha mwanafunzi kuhitimu.
- *Kuchagua programu kwa kumfuata rafiki.* Rafiki huhamia kituo kingine au huacha masomo, na mwanafunzi hubaki na somo asilolipenda.
- *Kunyamaza baada ya kufeli.* Kozi moja iliyofeliwa ina mtihani wa marudio. Ukimya wa mwaka mzima ndio unaomtoa mwanafunzi chuoni.

Ratiba inapovurugika

Ugonjwa, uhamisho, msiba au uzazi utamkuta karibu kila mwanafunzi mtu mzima kabla hajahitimu, na hilo halimfanyi kuwa mwanafunzi hafifu. Tofauti hutokana na anachokifanya katika siku za kwanza. Aandike barua kituoni mapema akiambatanisha ushahidi. Aulize masharti ya kuahirisha mtihani au mwaka wa masomo, kwani vyuo vingi vinayo na vyote huweka muda wa mwisho wa kuomba. Abakize kozi moja ndogo iwapo hali inaruhusu, ili asikate kabisa mazoea ya kusoma. Na anaporudi asijaribu kulipa deni lote la masomo kwa mkupuo, bali aanze na wiki ya kawaida ya ratiba yake.

> ORODHA YA KUJIKAGUA
>
> ☐ Chuo na programu vimethibitishwa kwa mamlaka husika
> ☐ Sababu ya kusoma imeandikwa kwa sentensi moja
> ☐ Gharama zote hadi kuhitimu zimekokotolewa
> ☐ Idadi ya kozi inalingana na saa zilizopo kwa wiki
> ☐ Familia na mwajiri wamearifiwa
> ☐ Mahali pa kusomea panajulikana na wote wa nyumbani
> ☐ Macho yamepimwa
> ☐ Kundi la watu watatu hadi watano limepatikana
> ☐ Jina na mawasiliano ya mhusika kituoni yameandikwa
> ☐ Kazi zote zina nakala tatu

Msomaji ambaye bado hajajiunga anaombwa kufanya jaribio moja kabla ya kulipa shilingi ya kwanza: apange ratiba ya wiki mbili kwa hesabu ya kisanduku cha 1, achukue kitabu chochote cha fani anayoitaka, akisome kwa saa hizo, na kila jioni aandike saa alizozitimiza kweli. Akitimiza zote au karibu zote, alipe ada na aanze. Akitimiza nusu, asajili nusu ya kozi. Akishindwa kabisa, arekebishe kwanza saa, mahali na watu wake, kisha ajaribu tena, kwa kuwa wiki mbili za majaribio hazina ada, ilhali mwaka uliopotea chuoni hulipiwa.